Nyaya Zilizofungwa Juu ya Mlango

Lukmani bin Saburi wa Hamugembe alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mafundi wenzake wa Bukoba walimwomba Mungu usiwaambukize: hakuunga waya. Waya wa gari ukikatika katikati, fundi mwingine angechuna ncha mbili, akazisokota, akazizungushia utepe, akakuaga kwa tabasamu. Lukmani aliutoa wote, akaweka mwingine mzima kuanzia unapotoka mpaka unapofika. Ukimwambia una haraka, alikuonyesha barabara. Watu walisema ana kiburi, na tuseme kweli, kidogo alikuwa nacho. Lakini lori lilipozimika taa kwenye mteremko wa Kyetema ukungu ukiwa umetanda, hao hao waliomsema ndio waliokuja kubisha hodi.

Baba yake alitoka Pangani, akaletwa na kazi za serikali, akaoa Mhaya wa Kanyigo na kusahau kurudi. Mwenyewe Lukmani alijifunza umeme wa magari jeshini Nairobi, wakati wa vita vya Hitla, na aliporudi alikuwa na koleo moja zuri, mguu mmoja unaouma siku za mvua, na hiyo tabia ya kutounga waya. Hakuwahi kutuambia nani alimfundisha tabia hiyo. Alisema tu kwamba aliwahi kuona gari likiwaka moto kwa sababu ya kiungo kimoja, na kwamba ndani ya gari mlikuwa na watu.

Mwaka wa hamsini na tatu, kahawa ilipokuwa imepanda bei na kila mwenye kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, anaota lori jipya, mjane mmoja wa Izigo aliyeitwa Anatolia alikuja kukaa kwenye benchi la Lukmani na kumweleza habari za gari kuukuu. Lilikuwa Morisi ndogo ya kabla ya vita, yenye taa mbili zilizosimama juu ya mabawa ya magurudumu ya mbele kama macho ya chura. Marehemu mumewe, Pankrasi, aliyekuwa seremala, alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Pankrasi alimpenda mkewe waziwazi, jambo lililowachekesha majirani, na alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa misheni mpaka Anatolia akawa anashika usukani vizuri kuliko yeye. Alisema mbele ya watu kwamba gari ni la mkewe. Kisha akafa kwa homa, na gari likabaki bandani migombani muda wote wa msiba.

Anatolia hakulitupa. Alilitandikia nyasi mbichi chini na ndani, kama Wahaya wanavyotandika nyumba inayoheshimiwa, na kila zilipokauka akatandika nyingine. Panya wa Izigo walishukuru sana. Walihamia na familia zao, wakazaliana, wakala nyaya zote.

Lukmani alipanda baiskeli mpaka Izigo kuangalia. Injini ilikuwa salama, ukiizungusha kwa hendeli inaguna vizuri. Dainamo ilikuwa nzima. Lakini lile fungu la nyaya linalotoka kwenye betri na kutawanyika kwenda kwenye taa, kwenye honi, kwenye koili na kwenye dashibodi, lile ambalo mafundi huliita wayaringi, lilikuwa limebaki vipande na mavi ya panya. Hapa hata fundi wa kuunga angekwama. Ilibidi lipatikane fungu jingine zima.

Ndipo Anatolia akamweleza kwa nini jambo hili haliwezi kungoja. Kibanja kilikuwa cha ukoo, na yeye hakuzaa mtoto wa kiume wala wa kike. Mrithi alikuwa Privatus, kaka wa marehemu, mwenye ghala la kahawa Kemondo na nyumba kubwa Muleba. Huyu Privatus alikuwa na wake wawili, na alishasema kwamba akirithi kibanja atarithi na mjane pia. Wazee wa ukoo walikuwa wametoa neno la haki kwa kadiri walivyoweza: baada ya mavuno ya kahawa watakutana uani kwa Privatus kumaliza matanga. Gari likifika pale kwa nguvu zake lenyewe, ni la Anatolia, kama marehemu alivyosema. Likishindwa, litahesabiwa chuma kama vyuma vingine, nalo litakwenda kwa mrithi.

Akiwa na gari angebeba abiria na mikungu ya ndizi kati ya Izigo, Kemondo na mjini, apangishe chumba, ale jasho lake. Bila gari, ilikuwa ama kurudi kwa kaka zake Buganguzi kula kwa kusimangwa, ama kuwa mke wa tatu wa mtu asiyemtaka. Alisema maneno hayo bila kulia, huku akikung'uta vumbi kwenye kiti cha dereva, na Lukmani akajikuta ameahidi kabla hajafikiri.

Duka la vipuri mjini lilikuwa la Thakorbhai. Mzee huyu alipenda kuuza, lakini alipenda zaidi kubishana. Alitoa kwenye boksi fungu jipya la nyaya lililofika kwa meli kutoka Kisumu, limefunikwa pamba ya rangi nzuri, kila ncha na kishikizo chake, zuri la kuoa. Lukmani aliligeuza na kuligeuza. Moyo ulilitamani, kwa maana lingefungwa kwa siku moja na kila mtu angesifu. Lakini lilikuwa la gari la miaka ya karibuni, la betri ya volti kumi na mbili. Morisi ya Anatolia ilitumia volti sita, na betri ya sita husukuma kwa unyonge, hivyo inadai waya mnene, kama vile maji ya mteremko mdogo yanavyodai mfereji mpana.

Thakorbhai alisema waya ni waya. Lukmani hakubishana. Aliomba betri ya volti sita na taa kubwa mbili, akaziunga na waya mmoja wa lile fungu pale pale juu ya kaunta. Taa ziliwaka nyekundu kama macho ya mlevi, na baada ya muda Lukmani akaushika mkono wa mzee na kuuweka juu ya waya. Ulikuwa umepata moto. Thakorbhai aliuondoa mkono, akalikunja fungu lake, akalirudisha kwenye boksi. Alikuwa tayari kuagiza linalofaa kutoka Uingereza, lakini meli, treni mpaka Kisumu, kisha meli tena ya ziwani: mavuno yangekwisha, matanga yakaisha, na Anatolia akawa ameshapika chakula cha Privatus.

Basi Lukmani alipopata habari kwamba Kemondo kuna Morisi nyingine ya mwaka ule ule, imekufa injini, aliona mlango wa rehema umefunguka. Gari hilo lilikuwa nyuma ya ghala la Privatus mwenyewe, ambaye alilinunua kwa ajili ya magurudumu. Lukmani aliinama chini ya boneti akaona fungu zima, halijaguswa na panya wala maji. Alikwenda kumwomba mwenyewe amuuzie.

Privatus alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema hawezi kumuuzia mke wa ndugu yake kitu, fundi azichukue nyaya bure. Fungu lilipotolewa, aliwaita wapima kahawa waache kazi waje waone jinsi anavyomsaidia mjane. Kisha akaletewa kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa, akachukua punje mbili, moja akaitia kinywani na nyingine akampa mgeni. Lukmani aliitafuna. Nani Bukoba asiyetafuna kahawa ya mwenyeji? Akasema, kama mtoto wa watu aliyelelewa, kwamba mama Anatolia anashukuru sana.

Alifika Izigo jioni, amelivaa fungu shingoni kama shada, anapiga mluzi. Anatolia alikuwa uani anamenya ndizi. Aliziona nyaya, akasikia zimetoka wapi, akaweka kisu chini. Hakuzigusa. Aliuliza waliokuwepo ni kina nani, kahawa ilitafunwa au haikutafunwa, na nani alitamka shukrani. Lukmani alijibu yote, na kila alipojibu aliona uso wa mwanamke unakuwa mzito.

"Fundi," alisema, "katika ukoo huu mjane akipokea kitu cha nyumba kutoka kwa mrithi, na kahawa ikatafunwa, amejibu posa. Ukizifunga nyaya hizi, gari litafika Muleba, na mimi nitashuka ndani yake nikiwa mke wa Privatus."

Lukmani alijiona mpumbavu, na alikuwa na sababu. Mama yake alikuwa Mhaya, Kihaya alikijua, akamwani aliitafuna tangu utotoni, lakini mambo ya mirathi ya vibanja hayamfikii mtoto wa mjini wa Hamugembe. Alidhani ameona ukarimu, kumbe ameletewa posa akaipokea kwa niaba ya mtu asiye dada yake wala binti yake. Alimwomba Anatolia radhi. Naye hakumkaripia, na hilo lilimuuma fundi kuliko matusi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Kemondo tena na fungu lake. Privatus alicheka kwa upole. "Mswahili wangu," akasema, "kitu kilichotafuniwa kahawa hakirudi." Wapima kahawa wakatikisa vichwa kukubali. Lukmani angeweza kulitupa fungu pale chini na kuondoka, lakini alimwelewa mtu aliye mbele yake: kesho yake angesema mjane amelichukua tena. Akalitia kwenye gunia, akaenda nalo mjini.

Mkewe Shamsia alikuwa mshona kofia, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alisikiliza habari yote huku anashona, kisha akatoa ushauri ambao ningeutoa hata mimi: nyaya zisifungwe, lakini zilazwe sakafuni, zipimwe moja moja, Lukmani atengeneze zake kwa mfano huo. Nani atajua? Wiki nzima za kazi zingeokolewa.

"Nikizipima nimezitumia," alisema Lukmani. "Nimeshampokelea mara moja kwa ujinga. Siwezi kumpokelea mara ya pili kwa akili."

Hapo ndipo mimi humpenda mtu huyu. Hakuwa na muda, hakuwa na mfano mwingine, na gunia lilikuwa pale pembeni ya kitanda na kila kipimo alichokihitaji. Akalibeba mpaka dukani kwa Thakorbhai, akamwomba alishone mdomo mbele ya wateja na kulipiga lakiri nyekundu kwa muhuri wa duka, ule aliotumia kwa vifurushi vya kwenda mbali. Thakorbhai aliuliza kulikoni. Alipoelezwa, hakubishana, jambo lisilo la kawaida, akawasha mshumaa na kupiga lakiri kila upande wa gunia, hata pasipohitaji. Kisha akaingia stoo na kutoka na marobota ya waya mnene uliosalia wa jeshi, akasema umemzibia njia miaka mingi na yeyote mwenye akili autoe.

Lukmani alirudi Izigo na kamba za katani. Alilala chini ya gari, akapitisha kamba kutoka kwenye betri mpaka kwenye kila taa, kila swichi, kwa kufuata alama za kutu zilizoachwa na vibano vya zamani, akipiga fundo kila penye tawi. Vipande vilivyoachwa na panya alivikusanya kama mifupa na kuvitambua kwa unene. Aliporudi nyumbani na mzigo wa kamba zenye mafundo, alihitaji ubao mpana wa kuzilaza. Ubao wa ukubwa ule mjini haukuwepo isipokuwa mmoja, nao ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yake. Akaung'oa mlango.

Hamugembe nzima ilipata cha kusema. Wakasema fundi amefilisika ameuza hata mlango. Wakasema sasa wezi watakuwa wanabisha hodi kwenye kanga, kwa sababu Shamsia alitundika kanga mbili pale mlango ulipokuwa. Mlango ulilazwa ukumbini juu ya magogo, ukapigwa misumari kila palipokuwa na fundo la kamba, na nyaya zikalazwa kati ya misumari, mmoja baada ya mwingine, mzima mzima. Tawi la taa ya nyuma lilizidi urefu wa mlango, likaenda kuishia kwenye kibao cha mbuzi jikoni, na Shamsia akawa anakuna nazi kwa kuomba ruhusa.

Pamba ya kufunikia nyaya haikupatikana. Lukmani alifikiria utepe, akaukataa kwa sababu ungeyeyuka kwa joto la injini. Shamsia alimtazama anavyozunguka mlango kama kuku anayetafuta pa kutagia, akachoka, akaleta bunda la uzi wake wa kofia na donge la nta. Alikaa upande mmoja wa mlango, akaanza kuzifunga nyaya pamoja kwa mzunguko wa kubana, uzi juu ya uzi, kila mzunguko umepakwa nta. Mume akaanza upande wa pili. Wa kwake ulilegea, mke akaufumua bila huruma na kuufunga upya. Kuanzia hapo Lukmani alilehemu ncha tu na kunyamaza.

Kazi ilipofika katikati akagundua kwamba mkewe amebadilisha uzi, mweupe na wa kijani kwa zamu, na kwamba penye kila tawi kuna nyota ndogo kama ya kwenye kofia za Idi. Alisema gari haliendi msikitini. Shamsia alijibu kwamba yeye hajui kufunga kitu kibaya, na kama anataka kibaya akamtafute mke mwingine, Privatus ana wawili amwazime. Lukmani alicheka mpaka mguu wake mbovu ukamuuma. Walimaliza, mlango ukarudishwa mahali pake na matundu yake ya misumari.

Siku ya kulifunga fungu kule Izigo, Anatolia aliliangalia kwa muda mrefu. Alitaka kujua ni la nani. Lukmani akamwambia ni lake yeye, aliyelifunga ni mwanamke mwenzake, na hakuna aliyelitafunia kahawa. Ndipo alipolipokea kwa mikono miwili. Lilikaa mahali pake bila kuvutwa wala kukunjwa. Lukmani alipogeuza swichi, taa zote mbili zilitoa mwanga mweupe juu ya migomba, na alipoushika waya mkuu ulikuwa baridi.

Matanga yalimalizwa siku ya ukungu. Anatolia aliendesha mwenyewe kutoka Izigo mpaka Muleba, amevaa nguo nyeusi ya msiba, taa zikiwaka kwa sababu barabara haikuonekana vizuri, na Lukmani kando yake amepakata gunia lenye lakiri. Lukmani aliogopa njia nzima. Injini haikumtia hofu. Aliogopa punje moja ya kahawa aliyoitafuna.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Gari lilipoingia uani wazee walisimama, wengine wakashangilia, na Privatus alishangilia kuwashinda wote. Akaeleza kwa sauti laini kwamba gari limefika kwa nyaya alizozitoa yeye, mjane akazipokea, kahawa ikatafunwa mbele ya watu wa ghalani ambao wako hapa. Hakuna ugomvi, akasema. Gari limekuja nyumbani, na mwenyewe amekuja nyumbani.

Mzee Bitegeko, mkubwa wa ukoo, alimgeukia Lukmani na kumuuliza kama kahawa aliitafuna.

"Niliitafuna, waitu," alisema Lukmani, kwa neno la Kihaya la kumheshimu mkubwa. "Nikashukuru kwa jina la mama huyu bila yeye kunituma. Kosa ni langu. Yeye hajazigusa nyaya hizo hata kwa kidole, na mimi sijazitumia."

Akaliweka gunia miguuni pa mzee. Bitegeko alizichunguza lakiri moja moja, akatafuta iliyovunjika asiipate. Akaomba kisu, akakata uzi, akazitoa nyaya za Kemondo zikiwa na vumbi la Kemondo. Akauliza zilifungwa humo lini, na mpima kahawa mmoja, ambaye siku ile alikuwa mjini kwa Thakorbhai na kuliona gunia likipigwa muhuri, alikiri polepole huku hamtazami tajiri wake kwamba ilikuwa siku ile ile zilipokataliwa kurudi. Kisha mzee akaenda kwenye gari, akaagiza boneti ifunguliwe, akainama. Alipitisha kidole juu ya uzi mweupe na wa kijani, kutoka nyota moja hadi nyingine.

Alipoinuka aliziokota zile nyaya za Kemondo na kumtilia Privatus mikononi.

"Chukua nyaya zako," alisema. "Gari si lako. Na mwenye gari naye si wako."

Privatus alibaki amezikumbatia. Wake zake wawili, waliokuwa wamesimama mlangoni na masahani, walitazamana, na mdogo akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Anatolia alirudi kwenye gari, akakaa kwenye kiti cha dereva, akawasha taa, akaziacha zinawaka, akaegemea usukani akalia kwa sauti, pale pale mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.